Kijiji Ambacho Sikukifikia

Majengo, Songea
Saa nane mchana

Mwanangu Devota,

Umetoka sasa hivi kwenda Maposeni kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachia mapema. Atakulisha, atakuombea, kisha atakulisha tena. Kwa hiyo nina muda wa kutosha. Begi lako limeshafungwa. Mambo ya sweta, ya dawa, ya kutotembea peke yako kule ugenini, shangazi yako amekueleza mpaka ukaanza kuitikia kabla hajamaliza sentensi. Mimi sina la kuongeza huko.

Nina jambo lingine, na nina wiki tatu nalo. Ile Jumapili uliporudi misa ya kwanza ukafungua kompyuta mezani tukiwa tunakunywa chai, uliona nimemwaga kikombe kizima kwenye kitambaa. Ukadhani sukari imeshuka. Ukaleta kipimo, ukanitoboa kidole, na mimi nikakuachia unitoboe huku najua siumwi. Nikakwambia labda ni joto. Haikuwa joto, mwanangu.

Wacha nikusimulie asubuhi ile ingawa ulikuwepo. Tulikaa meza moja, lakini tuliona vitu viwili.

Ulikuwa na furaha. Profesa Severina, huyu atakayekupokea chuoni kwake ng'ambo, alikuwa amekutumia vitu vya kusoma kabla hujafika. Ukanionyesha ile makala yake ya Namtumbo, iliyomfanya ajulikane, halafu ukanionyesha orodha ya watafiti walioitaja katika maandishi yao. Ulikuwa unashusha kidole na orodha haiishi. India, Brazili, Misri, nchi ambazo sijui hata ziko upande gani. Ukasema siku hizi hakuna mtu anayeandika juu ya mapigo ya moyo kwa wazee bila kuitaja makala ile, na kwamba madaktari wa mahali pengi wanaifuata wanapoamua nani apewe dawa na nani asubiri.

Nilijivuna, sitaki kukuficha. Unajua jina langu limo mle mwishoni, penye shukrani, na unajua nakala ya ukurasa ule imekaa miaka yote kwenye kabati la vyombo. Nimewaonyesha wanajumuiya wote. Nilikuonyesha wewe ukiwa bado unasoma sekondari, ukaisoma kwa sauti, ukasema na wewe utakuwa daktari wa moyo.

Kisha ukafungua picha. Mistari miwili ya mapigo, mmoja juu na mwingine chini, kwenye karatasi ya viraba vya pinki. Wa juu umevurugika, vilele vyake vimekaa ovyo. Wa chini umetulia, kilele na kilele nafasi moja, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Ukanieleza kwamba ni mzee mmoja mkulima wa tumbaku, kabla na baada, na kwamba Profesa huwaonyesha wanafunzi wapya picha hiyo kila mwaka.

Ukacheka ukasema, “Anawaambia moyo wa huyu mzee ulirudi ukawa kama wa msichana wa miaka kumi na mitatu.”

Hapo ndipo kikombe kilipomwagika.

Devota, ule mstari wa chini ni moyo wako.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikazunguka ua, nikarudi.  Sasa nikueleze ilivyokuwa, tangu mwanzo, na usinionee huruma mahali ambapo mimi mwenyewe sijionei.

Severina alikuja kwenye kituo chetu cha afya akiwa daktari kijana, mgeni wa mkoa huu, mpole, anayeandika kila kitu. Alikuwa anatafuta muuguzi anayezijua njia za vijijini na anayeweza kuongea na wazee wakamwelewa. Mganga mkuu akanitaja mimi. Severina akanifundisha mashine yake ya kupima umeme wa moyo, kisanduku kidogo chenye nyaya, na vibandiko vya kuweka kifuani, mikononi na miguuni. Alinieleza alichokuwa anakitafuta kwa maneno ambayo sijawahi kuyasahau: kwamba kuna mioyo ambayo vyumba vyake vya juu vimeacha kupiga, vinatetemeka tu, na damu inatuama mle ndani kama maji ya dimbwi, mpaka siku moja tone lililoganda linapanda kichwani na mtu anaanguka na kiharusi. Alitaka kujua ni wazee wangapi wa vijijini wanaishi na moyo wa namna hiyo bila kujua. Na baada ya hapo alitaka kujua jambo la pili, ambalo ndilo lililokuwa jipya: baada ya miezi sita bila dawa, ni mioyo mingapi kati ya hiyo itakuwa bado inatetemeka.

Tulizunguka wote wawili vijiji vinne vya Namtumbo. Ile raundi ya kwanza ilikuwa kazi safi, hata leo nakuapia. Tuliwapima wazee kwenye mabaraza yao, kwenye vivuli vya mabani ya kukaushia tumbaku, na wale tuliowakuta na mapigo yaliyovurugika tukawaandika kwenye orodha ya peke yake. Vijiji vitatu vilitoa watu wachache sana. Kijiji cha nne, cha mbali kuliko vyote, kilitoa kumi na mmoja.

Severina akarudi masomoni kwake. Raundi ya pili ikawa yangu peke yangu, na ilikuja na masika. Nilimaliza vijiji vitatu. Nilipofika njia ya kuelekea cha nne, mto ulikuwa umekula daraja la magogo. Nikalala nyumba ya wageni Namtumbo siku tatu, nasikiliza mvua kwenye bati.

Kwa miaka mingi, kila nilipojisimulia habari hii moyoni, niliishia hapo kwenye daraja. Lakini siku ya nne asubuhi, dereva wa lori la tumbaku alikuja kunywa chai pale nilipokuwa, akasema njia imefunguka, amepita. Nilimsikia vizuri. Nikamaliza chai yangu, nikapanda basi la kurudi Songea.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nilikuwa nimechoka na nguo zangu zilikuwa zimelowa, ni kweli, lakini uchovu wa muuguzi si kitu kipya. Nadhani ni barua yake. Severina alikuwa ameniandikia kwamba hajawahi kufanya kazi na mtu makini kama mimi, na kwamba anasubiri karatasi zote kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia maneno kama hayo. Ilinibidi kuchagua kati ya kumwandikia kwamba nimechelewa na kubaki yule mtu makini. Nikachagua kubaki makini, Devota. Ndivyo ujinga unavyovaa nguo nzuri.

Nilijipima mwenyewe kwanza, chumbani, mlango umefungwa. Kisha nikawaita majirani. Yule fundi cherehani wa nyumba ya pili, mkewe, mama wa genge, na wengine. Niliwaambia najaribu mashine, na wao watajua hali ya mioyo yao bure. Walinishukuru. Mama wa genge aliniletea fungu la matembele.

Wa mwisho ulikuwa wewe, msichana wa miaka kumi na mitatu. Ulitoka shule, ukavua viatu mlangoni, nikakulaza kwenye mkeka sebuleni. Ulilalamika kwamba vibandiko vina baridi. Ukaniuliza mashine inasemaje, nikakwambia inasema una moyo mzuri. Ukaenda kucheza. Nikachukua kalamu, nikaandika juu ya karatasi yako: Salumu, umri wake, kijiji chake.

Na haikuishia kwenye karatasi za Severina. Kila mtu aliyepimwa alikuwa anapata cheti kidogo cha majibu, kinakwenda kwenye zahanati ya kijiji. Niliandika vyeti kumi na kimoja kwa mkono wangu. “Mapigo yamerudi sawa. Hahitaji dawa.” Nikampa dereva mmoja wa lori la tumbaku avipeleke. Kwa hiyo kijiji ambacho mimi sikukifikia, uongo wangu ulikifikia.

Sikudhani nimefanya jambo kubwa. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo, jinsi lilivyokuwa dogo mkononi. Nilidhani nimejaza nafasi zilizobaki. Sikuelewa kwamba kwa Severina nafasi zile ndizo zilikuwa utafiti wenyewe. Karibu wote waliokuwa na mioyo iliyovurugika walitoka kijiji kile. Nilipoweka mioyo mizima ya Majengo mahali pa mioyo yao, hesabu ikasema kitu ambacho hakijawahi kusemwa: kwamba mioyo ya wazee wengi hutulia yenyewe, na daktari asikimbilie dawa ya kuzuia damu kuganda. Dunia ikashangaa. Severina akawa Profesa. Mimi nikapigiwa simu ya pongezi, nikaipokea.

Kuna kitu cha zamani zaidi ya hapo nataka ukijue, kwa sababu hakuna mtu anayeamka asubuhi akaweza kuandika majina kumi na moja ya uongo bila kuwa amejizoeza. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, wodini tulikuwa na namba yetu. Kupima joto ilikuwa lazima, kuna kipimajoto. Mapigo tulishika shika mkono. Lakini kuhesabu mtu anavyopumua, dakika nzima, umesimama unaangalia kifua chake kinapanda na kushuka, nani ana muda? Tuliandika ishirini. Kitanda cha kwanza ishirini, cha pili ishirini, mpaka mwisho wa wodi. Siku moja msimamizi wetu, mama mmoja mfupi asiyepaza sauti, alichukua faili nililotoka kuliandika, akasimama kando ya mgonjwa na saa yake. Alihesabu dakika nzima. Kisha akanigeukia akasema, “Huyu anapumua mara arobaini na nne. Wewe umemwandika mzima.”  Mgonjwa alipelekwa kuwekewa hewa na akapona, na kwa kuwa alipona, mimi nikajifunza somo lisilo sahihi. Nilijifunza kwamba mambo hujirekebisha.

Baada ya ile Jumapili sikuweza kula. Jumanne nilikwambia naenda kumtazama rafiki mgonjwa, na huo nao ulikuwa uongo, uuongeze kwenye hesabu. Nilipanda basi la Namtumbo, nikachukua pikipiki mpaka kijijini. Siku hizi kuna daraja la zege. Pikipiki ilivuka mara moja tu, kama hakukuwahi kuwa na kizuizi chochote pale.

Nilikuwa na majina yote kichwani. Mganga wa zahanati, kijana mwenye adabu, alinisikiliza akidhani ni kazi ya serikali. Wanne walishafariki. Wamekufa kwa nini? Wawili aliambiwa walianguka ghafla, wengine hakujua, na mimi sijui, na sitajua kamwe. Hilo nitakwenda nalo kaburini. Mmoja alihamia kwa mwanawe Tunduru. Sita walikuwepo.

Mzee Salumu nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Nilimwamkia shikamoo. Alijaribu kuitikia, mdomo ukaenda upande, na neno halikutoka. Mkewe, Bi Mwanahawa, akatoka ndani akaitikia kwa niaba yake, akanikaribisha mkekani. Alinikumbuka. Akaniita nesi. Alisema mumewe alianguka shambani, mwaka wa tatu baada ya sisi kuja kupima, akiwa anavuna tumbaku, na tangu siku ile upande mmoja haufanyi kazi.

Halafu akaingia ndani akarudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Alisema kabla mumewe hajaanguka alikuwa analalamika moyo unamruka ruka, wakaenda zahanati mara mbili, na mara zote mbili yule mganga aliyekuwepo zamani aliwaonyesha cheti hiki, akawaambia mtaalamu ameshapima, moyo uko sawa. Akanikabidhi. Ulikuwa mwandiko wangu, Devota. Hata ile herufi ya M ninayoizungusha.

Sikuwa nimepanga kusema chochote siku ile. Nilikuwa nimekuja kuona tu, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Lakini nilipokishika kile cheti, maneno yalitoka. Nilimwambia kwamba sikurudi kuwapima. Nilimwambia kwamba nilipima watu wengine mjini nikaandika majina ya wazee wa kijiji kile. Mzee Salumu alikuwa ananitazama, na nilijua anasikia kila neno.

 Bi Mwanahawa alikuwa anakunja ule mfuko na kuukunjua.

“Sasa ule moyo mlioandika ni wa mume wangu, ulikuwa wa nani?”

“Wa mwanangu.”

“Yuko hai?”

“Yuko hai. Ni daktari.”

“Alhamdulillahi,” akasema. Na alimaanisha, mwanangu, sikuona kejeli usoni pake. Kisha akaongeza, “Anajua?”

Nikasema hajui.

“Basi kamwambie. Huyu wangu anajua amefanywa nini. Na wako ajue.”

Nimekaa na watu wengi wenye hasira katika kazi yangu. Nimetukanwa, nimerushiwa sahani. Hakuna kilichowahi kunipasua kama yule mama aliyemshukuru Mungu kwa ajili ya moyo wako.

Kabla sijaondoka niliwashika mikono wale sita, mmoja mmoja. Nilikaa na saa yangu dakika nzima kwa kila mtu, na kwa vidole tu nilijua. Watano mapigo yao yalikuwa yanakimbia na kukwama bila mpango. Mganga yule kijana alipoelewa kilichotokea uso ulimbadilika, lakini hakupoteza muda kunisema. Aliandika barua za rufaa papo hapo, na wiki iliyofuata wote sita walipelekwa hospitali. Mashine ikasema kama vidole vyangu. Wale watano wameanza dawa. Mzee Salumu ni mmoja wao, na daktari amesema dawa haitamrudishia mkono, labda itamwepushia kuanguka tena.

Basi. Huo ndio utafiti wa kweli wa kijiji kile. Mioyo ile haikuwahi kutulia.

Juzi nilimpigia Severina. Nilikuwa nimeandika ninachotaka kusema kwenye karatasi, nikaisoma, kwa sababu nilijua nikisema bila kusoma nitajipamba. Alisikiliza bila kunikatiza. 

“Majina yote kumi na moja?” akauliza.

“Yote.”

“Hata Salumu?”

Nikamwambia Salumu alikuwa nani. Nilisikia akivuta pumzi, na baada ya hapo sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya yule daktari kijana aliyekuwa anaandika kila kitu. Alisema kwamba nisidhani najua makala ile imefika wapi, kwa sababu ile orodha uliyonionyesha ni ya waliotaja tu. Kuna watu wamejenga tafiti zao nzima juu ya msingi ule. Kuna vijana wamepata shahada zao. Kuna miongozo imeandikwa, na kuna wagonjwa katika nchi asizozijua ambao daktari wao alisema tusubiri kwanza, huenda moyo utatulia. Alisema yote hayo polepole, kama anayatazama yanapita mbele yake. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Pia alisema jambo juu yake mwenyewe. Alisema ile karatasi ya moyo wa msichana ilimshangaza tangu siku ya kwanza. Ilikuwa nzuri kupita kiasi kwa mzee wa umri ule. Alipaswa kuuliza. Lakini alikuwa kijana, na matokeo yalikuwa yanapendeza, na kwa hiyo akageuza mshangao wake kuwa utani wa darasani.

Ameshaliandikia lile jarida ili makala iondolewe, na ataeleza kwa nini. Mimi nimeandika maelezo yangu, nimesaini kila ukurasa, nimemtumia, na nakala nyingine nimeipeleka kwa wakubwa wa kituo nilikostaafia. Wataniita. Sijui watanifanya nini, na nimekubali kutojua.

Kuhusu wewe alisema hivi: nafasi yako uliipata kwa mtihani na kwa akili yako, na haimo ndani ya makala ile. Lakini ule utafiti mliopanga kuuanza pamoja umekufa, kwa sababu ulikuwa unasimama juu ya Namtumbo. Akasema pia kwamba hatakuficha kitu, na hataki ufike kwake ukiwa hujui. “Siwezi kukaa naye chumba kimoja nikiwa najua jambo la mama yake asilolijua yeye,” akasema. “Mwambie wewe. Si mimi.”

Watu wawili sasa wameniambia kitu kilekile, mmoja kwenye mkeka na mwingine ng'ambo ya bahari.

Nimefikiri sana juu ya ile orodha iliyokuwa inashuka chini ya kidole chako. Kule unakokwenda watakuhesabia hivyo. Wataangalia umeandika nini na nani amekutaja, na utataka orodha yako iwe ndefu, na si vibaya kutaka. Mimi nimeona tu jinsi inavyotengenezwa. Kila jina mle ni mtu aliyemwamini Severina. Severina aliniamini mimi. Na mimi nilikuwa nimekaa sebuleni Majengo na mkeka. Siku utakapoletewa karatasi nzuri na mtu mwenye nguo zilizolowa, anayeogopa kukuambia kwamba hakufika, natamani awe na njia ya kukuambia. Severina hakuwa mkali, ila mimi nilijiona siwezi kumwangusha. Waache watu wako waweze kukuangusha. Sijui kama hilo ni ushauri. Ni kitu ambacho mimi nilikikosa, na kosa la kukikosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Na ile hamu yako ya kuwa daktari wa moyo, iliyoanzia kwenye ukurasa wa kabati la vyombo. Nimelia juu ya hilo kuliko mengine yote. Nimejiuliza kama nimekupa maisha mazima yaliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine. Lakini nakukumbuka ukiwa mwaka wa tatu wa masomo, ulivyokaa na yule shangazi wa jirani aliyekuwa anazimia ovyo, ukamshika mkono ukahesabu, ukahesabu tena, ukakataa kuondoka mpaka umeelewa. Hakuna aliyekuwa anakutazama. Mimi nilikuwa dirishani, hukuniona. Lile halikutoka kwangu wala kwenye ukurasa wowote.

Ule ukurasa nimeutoa kabatini. Sijauchana. Nimeutia kwenye bahasha pamoja na majina kumi na moja, ya walio hai na ya waliokufa, vijiji vyao na umri wao wa kweli, na majibu mapya ya wale sita. Uchukue au uuache. Kama ukichagua kuendelea na njia hii, labda siku moja mtu ataandika kijiji kile kama kilivyo. Kama ukichagua njia nyingine, au ukichagua kutoondoka kesho, hakuna atakayekulaumu katika nyumba hii.

Sikuombi unisamehe leo. Najua msamaha unaotolewa stendi, basi likiwa linanguruma, ulivyo mwepesi. Sitaki ule.

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya begi, katikati ya nguo, uikute umeshafika. Shangazi yako angesema ni busara, kusudi usisafiri na uchungu. Nilishafungua zipu. Kisha nikaona ndiyo tabia ileile, ya kumpa dereva apeleke halafu mimi nisiwepo. Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako, na utaisoma ukirudi, jua likiwa bado lipo.

Ukimaliza, niko uani nachambua maharage. Uliza chochote. Nitakujibu.

Mama yako